Vitanzi Tisini na Sita

Mia mbili na kumi na moja, mia mbili na kumi na mbili.

Alihesabu kwa midomo tu, bila sauti, huku akiusugua mkoba wa sufi ya kondoo kwenye ubao wa kufulia uliosimamishwa ndani ya beseni. Povu lilikuwa limempanda hadi viwikoni. Mkoba ulikuwa wa rangi ya haradali, na kila ulipozama na kuibuka ulikuwa umepungua kidogo, kama mtu anayejikunja taratibu apite mlango mfupi. Akifika mia tatu ataugeuza ndani nje, aanze upya. Mia tatu mara nne, kisha maji baridi. Hiyo ndiyo kanuni aliyojitungia mwenyewe mwezi wa pili, na sasa ulikuwa mwezi wa nane.

Zamani hakuwa akihesabu. Zamani angeweza kusugua huku akigombana na mtu dirishani, na mikono ikasimama yenyewe pale inapotakiwa kusimama.

Maana kazi yao, yeye na wifi yake, ilikuwa hivi: mkoba hufumwa mkubwa, wa kulegea, mbaya wa sura kama gunia la kubebea mbwa. Kisha unatiwa kwenye maji ya moto yenye sabuni na kusuguliwa mpaka nyuzi zishikane, vitanzi vipotee, na lile gunia ligeuke kuwa kitambaa kizito kisichopitisha hata upepo. Ukiuacha mapema, unabaki legelege. Ukichelewa, unakuwa mgumu kama ubao, tena mdogo. Katikati ya mapema na kuchelewa pana nafasi nyembamba, na jicho haliioni, kwa sababu ya povu. Jicho huja kuleta habari mambo yakiwa yameshaharibika. Wanaojua ni vidole. Na sufi ikishashikana haifumuki. Kufuma unaweza kukosea ukarudi nyuma, ukafumua mpaka mwanzo kama hukuwahi kuanza. Kwenye beseni hakuna kurudi.

"Bi Beseni, umefika ngapi?" aliuliza wifi yake kutoka kwenye kigoda chake karibu na dirisha.

"Usinichanganye."

"Nauliza tu. Maana unahesabu kama mtu aliyeachiwa mbuzi wa watu."

"Bora mimi mwenye mbuzi. Wewe una sindano mbili na mdomo mmoja, na mdomo ndio unaofanya kazi."

Wifi yake alicheka, na sindano zake hazikusimama. Majina hayo, Bi Beseni na Bi Sindano, walipewa na mama mwenye duka la mapambo aliyekuwa akichukua mikoba yao, kwa sababu kila akifika aliwakuta vilevile, mmoja majini, mmoja dirishani, wakirushiana maneno. Mtaa mzima ukayachukua. Ilikuwa miaka kumi na minne sasa, na kwa miaka mitatu ya mwisho walikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile.

Mia tatu, hatimaye kwa mara ya nne. Aliutoa mkoba, akaukamua, akaufunga kiganjani na kuuweka shavuni. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya kanuni. Shavu lake lilikuwa bado halijaanza kumdanganya. Aliusikia uzito wa kitambaa, ukavu wa sufi chini ya utelezi wa sabuni, na akaitikia kwa kichwa peke yake. Ulikuwa tayari. Akautosa kwenye ndoo ya maji baridi, akaunyoosha kwa kuuvuta pembe zote, akauvisha juu ya kopo tupu la rangi ili ukauke ukiwa na umbo. Ukakaa sawasawa, mdomo wa kopo na mdomo wa mkoba vikagusana pande zote kama watu waliopimana.

Mkoba wa kumi na nne mfululizo bila kuharibu hata mmoja. Ndani yake palikuwa na furaha ndogo, ya siri, kama ya mtoto aliyeficha peremende chini ya ulimi. Huu wa haradali ndio angeubeba Alhamisi kwenda nao kliniki.

Ganzi ilianzia miguuni. Siku moja ndala ilimvuka barabarani, akatembea hatua kama kumi na kitu kabla ya muuza magazeti kumwita, "Mama, mguu wako mmoja umebaki huku!" Watu walicheka, naye akacheka. Baadaye ikapanda kwenye ncha za vidole vya mikono. Daktari wa sukari alimwambia afumbe macho, akaanza kumgusa kwa kijiti chenye ncha: hapa unasikia? Na hapa? Yeye akawa anajibu kwa kukisia, nasikia, nasikia, mpaka daktari akamwambia kwa upole, "Mama, hapo nilikuwa sijakugusa bado."

Kisha akamweleza. Dawa na mlo vingezuia isiendelee mbio. Kurudisha kilichokwisha kuondoka, hapana.

Hakumwambia wifi yake. Si kwamba walikuwa na siri. Wifi yake alijua habari ya sukari, alijua dawa zote kwa rangi zake, na ndiye aliyeficha kopo la sukari juu ya kabati na kusahau mwenyewe alikoliweka. Lakini habari ya vidole ilikuwa kitu kingine. Nyumba ile ilikuwa ya baba yao, wifi na kaka yake. Yeye aliingia kama mke wa kaka huyo. Kaka alikuwa mpeleka barua, alipanda baiskeli miaka ishirini na mitano kwenye jua na mvua, kisha akafa kitandani kwa ugonjwa wa wiki mbili, na hawakujaliwa mtoto. Baada ya mazishi, kaka wa mjane huyu mwenyewe akapiga simu kutoka kwao: rudi nyumbani, kuna chumba nyuma ya jikoni, watoto watahamia sebuleni. Alimjibu, "Nina kazi huku." Kila mwaka akipiga, jibu lilikuwa hilo hilo, nina kazi huku. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakusema mgeni afanyweje jembe likimtoka mkononi. Beseni lile ndilo lililokuwa jembe lake.

Mwanzoni ganzi ilimwaibisha waziwazi. Kulikuwa na mkoba mmoja wa bluu, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, uliotoka majini ukiwa mgumu na mdogo kama bakuli. Wifi yake aliuvaa kichwani, akatembea nao sebuleni akiiga askari, wakacheka hadi machozi. Usiku ule hakulala. Kesho yake akatunga kanuni: kuhesabu, kiwiko kupima moto wa maji, shavu kupima sufi. Mikoba miwili au mitatu iliyofuata ilitoka migumumigumu bado, midogo kidogo, lakini baada ya hapo ikaanza kutii. Wa nne ukawa mzuri. Wa tano. Mama wa duka akasema, "Siku hizi mikoba yenu imekuwa mizito, mizuri, kila mmoja sawa na mwenzake kama mapacha."

Kwa hiyo alikuwa amepanga. Alhamisi atauweka ule mkoba mezani kwa daktari na kumwambia kwa heshima zote, "Daktari, vidole ulivyosema vimekufa ndivyo vilivyofanya huu."

"Haya," alisema wifi yake. "Nimemaliza wa kaka."

Mikono ya mjane ilikuwa ndani ya ndoo. Ilibaki humo.

Sweta la marehemu lilikuwa rangi ya majivu. Wifi yake ndiye aliyelifuma, kuchukua nafasi ya lile la kwanza ambalo mjane, akiwa bibi harusi mpya, kwa kutojua, alilifua kwa maji ya moto likatoka la kumtosha mtoto wa miaka mitatu. Badala ya kumsema, wifi yake alilishona chini, akalitia mpini, akawa na mkoba. Jirani akauona, akautaka. Na kazi yao ikazaliwa kutokana na aibu hiyo. Lile la pili halikuwahi kuonja maji ya moto. Kwa miaka kumi na moja alilifua kwa maji ya bomba, akilikanda taratibu kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Baada ya kifo lilikaa sandukuni, mpaka mwezi uliopita walipofungua na kukuta nondo wamekula mikono yote miwili na nusu ya mgongo. "Tuwaachie wamalize," wifi yake aliuliza, "au tuchukue chetu kilichobaki?" Wakalifumua pamoja jioni moja, mmoja anavuta, mwingine anazungusha uzi, ili ufumwe mkoba.

"Uzi umetosha?" aliuliza mjane sasa.

"Umetosha kwa kubana pumzi. Umebaki huu." Wifi yake aliinua uzi mmoja mfupi, kama urefu wa kidole. "Ni wako. Wa kubebea dawa zako na kadi ya kliniki, uache kutembea na mfuko wa plastiki kama mtu aliyenunua misumari."

"Ahsante, wifi."

"Lakini..." Wifi yake aliukunja mkoba mapajani, akaukunjua, akaukunja tena. "Huu niachie mimi niusugue. Wewe pumzika leo."

"Niachie wewe? Tangu lini sindano ikaogelea?"

"Si ni wa kaka? Nataka niushughulikie mwenyewe mpaka mwisho."

"Wifi, katika miaka kumi na minne hujawahi kulowesha mkono zaidi ya kunilowekea. Utaufanya kitambaa cha kudekia."

"Basi unielekeze."

"Nikuelekeze nini, na mimi nipo?" Alikuwa bado anatabasamu, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kubadilika. "Huyo alikuwa kaka yako, sikatai. Mume alikuwa wangu."

Wifi yake aliuweka mkoba juu ya kiti, akasimama, akatafuta viatu vyake kwa mguu.

"Sabuni imekwisha," alisema. "Nakwenda dukani. Usianze kabla sijarudi."

"Mche mzima huu hapa."

"Huo hautoshi," alisema wifi yake, na mlango ukafungwa.

Mjane aliketi, akaitazama ile sabuni. Ilitosha mikoba mitatu. Akajisemea kuwa wifi yake amekwenda kulia mahali pasipo na mtu, kama kawaida yake, kwani alikuwa mtu wa kulia dukani na kucheka nyumbani. Alimhurumia. Akabandika maji jikoni, akarudi na kuuchukua mkoba wa majivu kutoka kwenye kiti.

Ulikuwa mkavu, kwa hiyo aliweza kuuona vizuri. Hilo lenyewe lilimshangaza kidogo. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoushika mkoba mkavu kutoka sindanoni, akashindwa. Siku hizi wifi yake alimletea ikiwa imeshalowekwa tayari kwenye ndoo. "Nimekulowekea," husema, "nikupunguzie kazi." Na sufi iliyolowa haina umbo, ni kama kitambaa kilichotapikwa.

Mbona ulionekana mdogo?

Alidhani ni macho. Akakumbuka nondo, akasema labda uzi haukutosha kweli, wifi amefupisha. Lakini kwenye kikapu kando ya kigoda palikuwa na mkoba mwingine uliokwisha jana, wa kahawia, bado haujalowekwa. Akautoa, akautandaza mezani. Akautandaza ule wa majivu juu yake. Ule wa kahawia ulibaki ukichungulia pande zote, vidole vitatu kulia, vidole vitatu kushoto, kama mtoto aliyevaa nguo ya mdogo wake.

Karatasi ya vipimo ilikuwa bado ukutani, mahali ilipobandikwa miaka yote, imegeuka rangi ya chai. Vitanzi tisini na sita. Mistari themanini.

Vidole vyake visingeweza kuhesabu vitanzi, kwa hiyo alichukua sindano moja ya wifi yake na kuanza kuvipita kwa ncha, kimoja kimoja, akitumia macho. Wa majivu: tisini na sita. Alihesabu wa kahawia. Alipofika tisini na sita bado palikuwa na kipande kirefu mbele yake. Akaendelea polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukuta kuna ngazi nyingine tena chini. Mia moja na kumi na mbili.

Alihesabu tena, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhesabu mara mbili. Mia moja na kumi na mbili.

Alikumbuka kwamba mwezi wa nne walilalamika juu ya muuza sufi, kwamba anawapunja, mbona marobota ya uzi yanakwisha upesi. Yeye ndiye aliyelalamika. Wifi yake aliitikia tu, "Watu wamekuwa wabaya siku hizi."

Birika lilichemka jikoni likapiga filimbi muda mrefu kabla hajaenda kuliepua.

Wifi yake alirudi na mche mmoja wa sabuni usiohitajika. Aliona mikoba miwili mezani, mmoja juu ya mwingine, na sindano imechomekwa mahali pa kitanzi cha tisini na sita. Akajaribu utani.

"Ala! Nani aliyekufundisha kuhesabu vitanzi? Unataka kuninyang'anya kazi?"

"Mia moja na kumi na mbili," alisema mjane.

Wifi yake alivua viatu, kimoja, kisha kingine, akavipanga vizuri ukutani kuliko alivyowahi kuvipanga.

"Tangu lini?" aliuliza mjane.

"Tangu ule wa bluu," alisema wifi yake. "Niliongeza vinne. Ukatoka mdogo bado. Nikaongeza vinne vingine. Nilipofika mia moja na kumi na mbili ikawa inakaa sawa kwenye kopo. Nikaacha hapo hapo."

"Kwa hiyo ile kanuni yangu."

"Kanuni yako ni nzuri."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, wifi."

"Ni nzuri! Unasugua kila mkoba sawa na mwenzake, hukosei hata siku moja. Ni vile tu..." Alitafuta neno, akakosa lililo laini. "Unasugua kwa nguvu. Hujui nguvu unayotia. Kila mmoja unauzidisha, lakini unauzidisha kiasi kile kile. Kwa hiyo mimi nikawa naongeza kiasi kile kile."

Mjane aliutazama mkoba wa haradali kwenye kopo lake, uliokuwa bado ukidondosha maji. Daktari. Alhamisi.

"Ulijuaje?" aliuliza. "Mimi sikukwambia."

"Siku ile uliposhika birika bila kitambaa. Ulilibeba kutoka jikoni hadi hapa, ukasimama nalo, ukanisimulia habari ya jirani aliyeangukiwa na kabati, mpaka ikaisha. Mimi ndiye niliyesikia moto. Wewe ulikuwa unacheka."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?" Na kwa mara ya kwanza sauti ya wifi yake ilipanda. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nililala na kuamka nikingoja uniambie. Nikasema, atasema kesho. Nikafuma. Nikasema, atasema wiki ijayo. Nikafuma."

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopa. Nilijua ukijua huwezi, utafunga virago uende kwenye kile chumba cha nyuma ya jikoni."

"Nikibaki, nitabaki nafanya nini?"

"Utakaa. Hii ni nyumba yako. Hata ukikaa bure, utakaa."

"Ndicho ninachokiogopa hicho," alisema mjane.

Hawakuwa watu wa kununiana. Walikaa kama watu wawili waliofika mwisho wa barabara na kila mmoja anangoja mwenzake aseme. Nje mtu alikuwa akipiga honi akimwita mwingine ashuke, asishuke.

Hatimaye wifi yake alikunja mikono ya nguo.

"Nielekeze," alisema. "Nilikuwa sina utani nilipokuomba. Huu haukuongezwa kitanzi hata kimoja, uzi haukuwepo. Ukiusugua wewe utaharibika, na uzi wake hakuna tena duniani. Niambie cha kufanya. Wewe utakuwa mwalimu, mimi vidole."

Neno hilo, mwalimu, lilimwingia vizuri. Mjane alisimama. Ndiyo, pengine ilikuwa hivyo. Mtu anaweza kupoteza mikono na akabaki na ujuzi. Alimimina maji kwenye beseni, akayakoroga na sabuni, akautosa mkoba wa majivu, na wifi yake akatia mikono.

"Mama yangu!" Aliirusha nje. Ilikuwa myekundu hadi kwenye vifundo. "Unataka kunipika?"

Mjane hakuwa amepima kwa kiwiko. Alikuwa amesahau, na mkono wake mwenyewe ulikuwa bado ndani, umetulia.

"Utoe!" alisema wifi yake, akautoa yeye.

Waliongeza maji ya bomba. Wakaanza tena. Wifi yake alisugua kwa uangalifu wa mtu anayeosha kitu cha watu.

"Sasa nitajuaje?"

"Utasikia."

"Nasikia sufi."

"Endelea. Mwanzo ni sufi tu. Baadaye inabadilika."

"Inabadilika inakuwaje?"

"Inakuwa..." Mjane alifungua mdomo. Alikuwa na uhakika kwamba neno lipo, alilijua kama mtu anavyojua jina la dada yake. "Inakuwa imeshika."

"Imeshika kama nini?"

"Ni kama inakurudishia mkono. Unaibana, nayo... hapana. Si hivyo." Alifikiri. "Kama sikio. Kama ngozi ya hapa juu, laini lakini ina mfupa wake."

Na ili awe na hakika alinyanyua mkono na kujibana sikio. Sikio lilisikia vidole, vilikuwa vimelowa na vina joto. Vidole havikusikia sikio. Alijibana kwa nguvu zaidi. Kwa upande wa vidole hapakuwa na kitu, ni kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa.

Wifi yake alijigusa sikio lake kwa mkono wenye povu, akaugusa mkoba, akajigusa tena.

"Sioni vinavyofanana," alisema kwa masikitiko. "Labda bado."

"Labda bado."

"Jaribu kunieleza tena. Siku zile za nyuma, ulikuwa unajuaje?"

Mjane alijaribu kukumbuka. Alirudi nyuma kadiri alivyoweza, kwenye mikoba mamia, kwenye asubuhi ambazo mikono yake ilisimama yenyewe. Aliiona mikono. Aliyaona maji. Alichokuwa akikisikia hakikuwepo. Haikuwa kwamba amesahau jinsi ya kukisema. Kitu chenyewe hakikuwa kichwani mwake, hakikuwahi kuwa kichwani. Kilikaa kwenye ncha za vidole, na kiliondoka navyo, hakikuacha hata jina.

"Sijui," alisema. "Wifi, sijui. Ilikuwa inajulikana tu."

Wifi yake alisugua mara kumi zaidi, mara ishirini. Mkono ukachoka, haukuwa umezoea. Mjane akasema, "Lete, nikupokee kidogo, kidogo tu, polepole," akashika upande mmoja, na wakasugua pamoja kwa muda mfupi, mikono minne ndani ya beseni moja, bila mmoja wao kuhesabu.

Walipouinua na kuufuta povu, waliupeleka dirishani. Vitanzi vilikuwa bado vinaonekana, lakini kwa mbali, kama maandishi nyuma ya kioo chenye mvuke. Nyuzi zilikuwa zimeanza kushikana. Haukuwa tena kitu cha kufumua na kurudisha kwenye donge, na haukuwa mkoba. Na kwenye kona moja, pale aliposhika mjane, kitambaa kilikuwa kimeshakunjamana na kukakamaa kama ukoko.

Wote wawili waliiona. Wifi yake alifunika kona ile kwa kiganja, kama mtu anayemfunika mtoto uso asipigwe na upepo.

"Itanyooka," alisema.

"Hainyooki, wifi. Unajua hainyooki."

"Maji yamepoa," alisema wifi yake. "Tuache. Kesho tutachemsha mengine."

Waliutandaza mkoba wa majivu juu ya ubao wa kufulia, ubao ukalazwa juu ya beseni, na maji yakaanza kudondoka, tone, kisha tone. Mjane aliyamwaga ya kwenye ndoo. Aliosha kipande cha sabuni, akakiweka kando ya kile kipya ambacho hakikuhitajika. Kisha akauvua mkoba wa haradali kwenye kopo lake, akautazama ndani na nje. Ulikuwa mzuri kweli. Mapacha, mama wa duka alisema. Akaurudisha kwenye kopo, akalisogeza kopo likapangane na mengine kwenye rafu, na Alhamisi ikabaki siku ya kwenda na mfuko wa plastiki.

Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye kigoda. Wifi yake alikaa, akachukua robota jipya, jeusi, akaanza kutia vitanzi kwenye sindano. Alikuwa na mazoea ya kuhesabu kwa kunong'ona anapoanza, na mjane, akiwa ameketi upande wa pili na mikono imelala mapajani, alimsikiliza. Kumi. Ishirini. Sauti ilikwenda bila haraka. Sabini. Themanini na tano. Tisini.

Tisini na tano. Tisini na sita.

Sauti ikasimama. Sindano nayo ikasimama, uzi umezungushwa nusu. Mjane hakugeuza kichwa. Alitazama maji yanavyodondoka kutoka kwenye sufi ya majivu.

"Nimesahau nilipofika," alisema wifi yake, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusahau alipofika. Alivivua vitanzi vyote kwenye sindano, vikalegea, akauzungusha uzi kurudi kwenye robota. "Nitaanza kesho."